Nitoe ushuhuda Jumapili au niongee na bosi kwanza? (Lubumbashi)

MwanaKatuba: Bandugu, salamu. Niko hapa Lushi, nahesabu mizigo kwenye ghala la unga wa mahindi. Bosi anataka nitie sahihi kwamba mzigo ni mzima, na si mzima. Mimi nimeokoka, siwezi. Nimeomba nafasi ya ushuhuda Jumapili hii, mchungaji amekubali. Shida ni kwamba bosi anasali palepale, benchi la pili. Nimwambie kabla, au asikie pamoja na kanisa lote? Siku tatu sijalala. Mke ana mimba ya miezi saba na nyumba ni ya kupanga.

Shemasi243: Simama imara, mdogo wangu. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme Mungu anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawasujudu. Hapo kwenye "hata asipo" ndipo wengi tunashukia kwenye basi. Mimi nilipoacha kuuza bia wateja walinicheka mwaka mzima. Mmoja alikuja na chupa yake mwenyewe akakaa mlangoni kwangu anakunywa taratibu, ananiangalia. Leo nauza sabuni, na yeye ananunua kwangu.

Kadogo_Ruashi: Mwenye nyumba hapokei Amina. Tafuta kazi nyingine kwanza, halafu uwe jasiri.

MamaBukari: Si mzima namna gani? Tunaokula bukari ni sisi.

MwanaKatuba: Mvua iliingia, mama. Umeshika kuvu. Wanachekecha, wanachanganya na mpya.

MamaBukari: Kuchekecha hakutoi sumu ya kuvu, baba. Hata ukisonga bukari moto namna gani haitoki, inakwenda kula ini. Na umesema bosi "anataka" utie sahihi. Hujawahi kutia?

MwanaKatuba: Swali langu ni la Jumapili.

MamaBukari: Langu ni la sahihi.

MwanaKatuba: Mara mbili. Alinipa dola 300, nikamalizia mahari, wakwe walikuwa wananidai kila wiki. Lakini nimetubu, Mungu amenisamehe, na ndiyo sababu ya ushuhuda. Hizo pesa sina tena.

Kadogo_Ruashi: Zakayo alirudisha mara nne. Ni 1,200, kaka. Piga hesabu kabla ya kushika maikrofoni 😂

Shemasi243: Tusimhukumu. Ingawa hilo ungelisema mwanzo, mdogo wangu.

Yaya_wa_Goma: Jamani, mnalishwa hadithi. Hii ni ya Floribert Bwana Chui, kabadilisha mchele kuwa unga. Floribert alikuwa wa Goma, alikuwa anafanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia. Alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite, wakamteka na kumuua Julai 2007, ana miaka 26. Juni 2025 ametangazwa Mwenyeheri kule Roma. Huyu anataka utukufu wa marehemu bila kaburi.

MwanaKatuba: Yaya, Floribert hakula pesa. Mimi nimekula. Kama ningetunga si ningejitungia vizuri zaidi?

Kadogo_Ruashi: Hapo amejibu.

Yaya_wa_Goma: Hajajibu. Wewe uliye ghalani, tuambie gunia bovu linatokaje likiwa jipya.

MwanaKatuba: Tunafungua mdomo kwa wembe, tunakata uzi tu, gunia lisichanike. Unga umeshikana mabonge ya kijivu, ukiyavunja yanatoa harufu ya nguo iliyolala na maji. Tunachekecha. Karai moja la zamani kwa mawili mapya. Halafu kijana anashona kwa mkono, maana ile mashine ya kushonea iliharibika. Uzi wa kiwandani ni mweupe, ukaisha, tukanunua mwingine sokoni. Usiku harufu iko kwenye mikono, nanawa kwa limau.

Yaya_wa_Goma: Sawa. Nanyamaza.

Shemasi243: Basi Jumapili utasema na hizo 300?

MwanaKatuba: Nilipanga kusema nimekataa. Ni kweli, safari hii nimekataa. Mengine ni kati yangu na Mungu. Mke wangu hajui mahari ilitoka wapi, na baba mkwe anakaa kwenye kwaya.

Kadogo_Ruashi: Yaani kanisa zima ni ukoo 😂 Ndugu, umwa tu Jumapili.

MamaBukari: MwanaKatuba, ule uzi wa sokoni ni wa rangi gani?

MwanaKatuba: Buluu, mama.

MamaBukari: Ngoja niende jikoni.

Shemasi243: Mama?

MamaBukari: Ni buluu.