Waliokutwa na damu nyingi kumbe wanakatika pumzi usingizini: tupeane uzoefu, Mtwara na Lindi

DerevaNewala:
Wakuu, salaam. Mimi naendesha lori. Msimu wa korosho ni Newala, Tandahimba, Masasi mpaka bandarini Mtwara. Mwaka jana nilienda kupima presha, daktari akaniandikia na kipimo cha damu. Himoglobini, yaani kiwango cha damu, ikasoma 18.4, wakati mwanaume mwisho wake ni kama 17. Nikafurahi, kwetu kuambiwa una damu nyingi ni sifa. Daktari hakufurahi. Akauliza kama navuta sigara. Sivuti. Akamgeukia mke wangu: "Mama, huyu usiku analalaje?"

Mke wangu akainamisha kichwa. "Anakoroma, halafu ananyamaza ghafla. Mimi huwa nahesabu. Ikifika ishirini hajavuta pumzi, namtikisa."

Miaka sita anahesabu na sikuwahi kujua.

Nilivyoelezwa: koo linalegea na kuziba, oksijeni inashuka, inajirudia usiku kucha. Figo zikihisi upungufu huo zinatoa homoni ya erithropoetini, na uboho wa mifupa unaongeza chembe nyekundu. Damu inakuwa nzito. Wengine je, damu zenu zilisemaje?

MamaNachingwea:
Pole kaka. Mimi ilikuwa sukari. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilisoma asilimia 6.3, juu ya kawaida, na ugali nilishapunguza, soda nimeacha. CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, nayo ilikuwa juu. Daktari akasema usingizi wa kukatikakatika unaamsha homoni za mshtuko, insulini inazidiwa, mwili unakuwa kama una uvimbe wa ndani usioisha. Ila tuwe waangalifu na hiyo CRP. Malaria inaipandisha, jino bovu linaipandisha, unene nao pia. Peke yake haimtaji mgonjwa wa usingizi.

BodaLindi:
Mimi damu yangu ilikuwa safi yote, hospitali moja ikaniambia sina tatizo, nenda nyumbani. Wiki mbili baadaye nimesinzia juu ya pikipiki, na abiria nyuma. Namshukuru Mungu tuliangukia mchanga. Ndugu wakanichangia nikaenda Dar, nikalala na nyaya kichwani na kifuani usiku mzima. Pumzi ilikatika au kupungua mara 34 kwa saa, na kuanzia 30 wanaita kali. Jamani, damu safi isikufanye ulale na moyo mweupe.

WaMaabara:
Boda kasema kweli. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu, vinatoa dokezo tu. Wagonjwa wenye himoglobini ya kawaida ndio wengi. Naongeza kimoja: kwa mtu mnene, bikaboneti (chumvi ya damu inayopanda hewa chafu ikibaki mwilini) ikifika 27 au zaidi, daktari aangalie kama hata mchana hapumui vya kutosha.

DerevaNewala:
Asanteni sana. Mimi nami nilipimwa usiku, nikapewa mashine ya kusukuma hewa puani. Baada ya miezi mitano himoglobini imeshuka mpaka 16.6. Umeme ukikatika navaa fulana ambayo mke wangu ameshonea mfuko mgongoni, ndani kaweka mpira wa makaratasi. Nikigeuka chali unanichoma, narudi ubavu. Siku hizi yeye ndiye anayetangulia kulala.

Shida yangu ni safarini. Lori ni volti 24 na mashine ni ya 12. Nani amewahi kuiunganisha na betri ya gari bila kuiunguza? Oktoba minada inaanza.