Kigari cha mbio kilo 500, pedeli ngumu kama jiwe na hakisimami, ninunue kalipa kubwa za breki?

Pistoni_Moja:
Wakuu salama? Naomba ushauri kabla sijachoma hela. Nimeunda kigari cha mbio, fremu ya mabomba, injini ya pikipiki imekaa nyuma, mimi nikiwa ndani kinagonga kilo 500. Kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) zina pistoni mbili zinazotazamana, mbele za mm 38, nyuma mm 32, diski ya mbele mm 240. Masta silinda (pampu za mafuta ya breki zinazosukumwa na pedeli) mbili za kuokoteza kwenye magari mabovu nimeziunga na balansi baa, ile fimbo inayogawa nguvu ya mguu kati ya mbele na nyuma, hidrovaki ya kusaidia mguu sijaweka, nafasi hamna. Sasa nikikanyaga goti linatetemeka, pedeli haishuki na kigari kinaenda tu, tairi haziloki hata moja. Nawaza kalipa za pistoni nne, mnaonaje?

Grisi_Mkononi:
Funga kubwa kabisa mkuu, breki haijawahi kuzidi 😂

Kona_Kali:
Usimsikilize huyo. Pedeli ngumu isiyoshuka mara nyingi ni masta silinda nene. Huko zilikotoka kulikuwa na hidrovaki inausaidia mguu, wewe umechukua masta ukaacha msaidizi wake. Zina kipenyo gani? Na utupe umbali wa ekseli hadi ekseli, uzito wa mbele, na pedeli ni ngapi kwa moja, yaani inazidisha nguvu ya mguu mara ngapi.

Pistoni_Moja:
Nimefuta grisi na tambara, ubavuni zimeandikwa 7/8 (ya inchi) zote mbili. Ekseli hadi ekseli mita 2, mbele asilimia 45, kitovu cha uzito tulikadiria sm 35 toka chini, tairi nusu kipenyo sm 26, pedeli 5 kwa 1.

Kona_Kali:
Nilijua. Twende taratibu. Tuseme tairi zinashika mpaka 1.2g, yaani nguvu ya breki mara 1.2 ya uzito wa kigari. Uzito unaohamia mbele ni 500 × 1.2 × 0.35 ÷ 2, kilo 105. Mbele ulikuwa na 225 inakuwa 330, nyuma 275 inabaki 170, kwa hiyo mbele inabeba asilimia 66 ya kazi. Kila tairi ya mbele inataka kama Nm 505. Pedi za msuguano 0.45 zikibana sm 10 toka katikati ya diski, kwa pistoni zako hizo hizo, unahitaji baa 50 (za presha, sio za bia). Nyuma nikikadiria pedi inabana sm 9 toka katikati napata baa 40.

Sasa angalia, masta ya 7/8 ina eneo la sm za mraba 3.9, kufikisha hizo baa mguu usukume karibu kilo 70, ndo maana goti linatetemeka. Ya 5/8 ina eneo kama 2, mguu unashuka mpaka kilo 36 hivi. Kalipa ziache.

Mzee_Chesis:
Hesabu iko sawa ila kijana ajue hakuna cha bure, masta ikiwa na nusu ya eneo pedeli inasafiri mara mbili, apime kama haigongi sakafu kabla presha haijafika. Kalipa kubwa nayo ingelainisha pedeli, lakini inataka mafuta ya breki mengi zaidi, pedeli inasafiri vile vile, na inaongeza uzito kwenye tairi. Balansi baa anza na mbele kali, nyuma ikiloki kwanza utajikuta unatazama ulikotoka.

Grisi_Mkononi:
Na diski je? Mm 240 si ndogo

Mzee_Chesis:
Kwa kubana inatosha, suala ni joto. Kilo 500 kutoka kilomita 100 kwa saa hadi kusimama ni kama kJ 193, diski ya mbele ya kilo 4 inapanda nyuzi 35 hivi kila ukisimama. Kona zikifuatana bila diski kupoa ndo pedi zinateleza na mafuta yanachemka, hapo ongeza diski nene au upepo. Mafuta weka mapya, yakishanyonya unyevu yanachemka mapema.

Pistoni_Moja:
Mrejesho wakuu. Nimefunga za 5/8, siku ya kwanza pedeli ikawa kama sponji nikawalaani nyote, kumbe hewa ilibaki kwenye kalipa ya nyuma kulia, niliifunga huku nipeli ya kutolea hewa ikiwa chini. Nimeigeuza, nikatoa hewa upya, leo mbele zimeloki mara ya tatu nakanyaga, nyuma bado zinazunguka, pedeli inashuka vidole viwili tu. Kalipa za pistoni nne bado nazitamani, ila kwa macho.