Naomba ushauri: rika langu linataka kwenda kumsaka simba

Wakuu, habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Simanjiro. Juzi usiku simba karuka zizi letu la miiba, kaua ng'ombe wawili na ndama; huyo ndama tulikuta kwato na mkia tu. Morani wenzangu wameshanoa mikuki.

Zamani olamayio, yaani msako wa simba wa morani wa Kimaasai, niliiona fahari. Ila watu 20 kumzingira mnyama mmoja, tena pengine siye aliyekula? Kumuua bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2009, na kifuta jasho cha serikali kwa aliyeuliwa mifugo hakifikii bei ya ng'ombe (acha usumbufu wa kukifuatilia). Nikigoma, nitaitwa mwoga hadi uzeeni.

Majirani wamezungushia maboma yao wavu na miti inayochipua, wanalala usingizi. Niwashawishije wenzangu wasubiri? Nianze na wazee au na kiongozi wa rika?