Naomba ushauri: mgonjwa wa moyo anayevimba miguu nimweleweshe vipi habari ya maji na chumvi?

nesi_wa_zamu
Habari za majukumu wakuu. Ni muuguzi wa kituo cha afya huku wilayani, Tanzania. Wagonjwa wetu ambao moyo umeshindwa kazi wanalazwa wamevimba hadi mapajani, hawapati usingizi bila kuegemea mito. Wakichomwa furosemaidi wanakojoa, uvimbe unashuka, wanaruhusiwa. Baada ya muda haohao wanarudi. Ukiwauliza walielekezwa nini, ni "punguza chumvi, punguza maji", basi. Mama mmoja kaniapia kuwa chumvi kaacha kabisa, binti yake akadakia, "Lakini makande yake tunatia magadi." Mzee mwingine kapangiwa lita moja na nusu kwa siku, anahesabu maji ya kunywa tu. Chai na uji kwake ni chakula. Nyie mnawafundishaje, hasa wasiojua kusoma?

Bi_Wodini
Pole na kazi mdogo wangu. Anza na kidole gumba. Mwambie abonyeze mwenyewe muundi wake kwa sekunde kadhaa, aachie, aone shimo linavyobaki. Kisha muulize maji hayo yametoka wapi. Wengi watasema ni ya kunywa. Hapo ndipo umweleze kuwa chumvi ndiyo inayoyashikilia. Moyo ukichoka, figo zinapata damu kidogo, zinadhani mwili umekaukiwa, zinabana chumvi na maji badala ya kuvitoa. Ukimnyima maji huku anakula ng'onda, kiu itamshinda tu.

Usiulize "unakula chumvi?" Uliza jana alikula nini, nani alipika, alitia nini. Magadi yana sodiamu kama chumvi, na hapo yatatajwa, pamoja na dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, kwa vyakula vyote. Muite anayepika asikie mwenyewe. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vinaokoa mboga.

Maji sasa. Tafuta chupa tupu ya lita moja na nusu, ijazwe asubuhi. Akinywa chai kikombe kimoja, kikombe kilekile kijazwe kutoka kwenye chupa, kimwagiwe mchicha. Uji na supu vivyo hivyo. Akitaka maji ya kunywa, anakunywa ya humo. Chupa ikiisha, fungu lake la siku limeisha, na ameliona kwa macho.

kijana_wa_mashineni
Baba yangu anaumwa hivyo. Kilichotusaidia ni mizani: kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, na nguo zilezile. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo uzito unapanda kabla miguu haijaonekana kuvimba. Tuliambiwa zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 tusisubiri tarehe ya kliniki. Nyumbani hatuna mizani, anapimwa ya mashine ya kusaga.

Ulizeni na habari za safari. Mzee alikuwa anaruka dawa akipanda basi kwa kuogopa mkojo njiani. Daktari akamwambia siku hiyo ameze akishafika.

mfamasia_mtaani
Dada, kagua na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana chumvi na maji, furosemaidi inazidiwa. Wazee wanazinunua dukani kwa ajili ya magoti na hawazitaji kwa sababu hazikuandikwa hospitali. Amlodipini, dawa ya presha, nayo huvimbisha vifundo. Asiiache mwenyewe, arudi kwa daktari. Chumvi mbadala yenye potasiamu ni hatari kwa mwenye figo mbovu au anayemeza spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini.

nesi_wa_zamu
Asanteni sana, la chupa naanza nalo kesho. Je, kila aliyevimba nimbanie maji?

Bi_Wodini
Hapana, ni kwa aliyepangiwa na daktari tu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda. Mjamzito aliyevimba uso, kichwa kinamuuma na macho yana ukungu, mpime presha na mkojo hapohapo, huenda kifafa cha mimba kinanyemelea. Hao somo la chumvi liache, muite daktari.