Vikosi vya ngoma na tarumbeta: onyesho gani halikutoki kichwani?

Wadau, mliokaa jukwaani mkawatazama vijana hawa wa Marekani wakishindana kupiga muziki huku wakitembea kwa gwaride uwanjani, lipi bado linawarudia?

Jibu: Kikosi cha Phantom Regiment, Bloomington (jimbo la Indiana), 2008. Kisa cha Spartacus, mtumwa wa Roma aliyeasi. Waliwapita wapinzani wao Blue Devils kwa pointi 0.025! Zile ngoma kubwa huzisikii masikioni, zinakupiga kifuani. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Jibu: Mimi kikosi cha Star of Indiana, 1993. Walishika nafasi ya pili, na msimu ule wapo waliowazomea (masikio magumu!). Leo bendi za shule zinaiga miondoko yao. Na ndio waliozaa Blast!, onyesho la jukwaani lililopata tuzo ya Tony (ya tamthilia za Marekani) mwaka 2001.

Muulizaji: Hiyo 0.025 inapatikanaje?

Jibu: Baadhi ya alama za majaji hugawanywa kabla ya kujumlishwa, ndugu.