Naomba ushauri: taa na rimoti za nyumba ya Bi Mkubwa hapa Sahare, nianzie wapi?

mwana_wa_sahare
Wakuu, salaam.

Nyumba ni ya Bi Mkubwa, Sahare, Tanga. Vyumba vitatu, sebule, na korido ndefu inayoishia chooni. Magoti yanamsumbua, na swichi ya korido iko upande wa sebuleni, mbali na chumba chake. Usiku ama anapapasa ukuta gizani, ama taa inakesha na yuniti za LUKU zinakwenda bure. Halafu kuna rimoti: ya AC ya chumbani, ya TV na ya king'amuzi. Zinapokezana kupotea chini ya mito.

Nataka taa ya korido na ya barazani ziwake zenyewe jua likizama, yeye apate kitufe pale kitandani, na AC niweze kuizima kwa simu akishapitiwa na usingizi huku imewekwa 17. Nimesoma habari za Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, nikatoka na kizunguzungu. Huyu anasema Zigbee, yule MQTT, mwingine kabandika kodi za kompyuta kurasa tatu. Mimi mhasibu, kompyuta naijua kwa Excel. Intaneti ya nyumbani ni ya bando, likiisha limeisha. Nianze na nini, na nini nisiguse kabisa?

chuda_kwetu
Unajitesa bure mkuu. Nunua balbu za waifai, pakua programu ya simu ya Smart Life, kabla chai haijapoa umemaliza. Seva waachie wenye muda wa kuchezea.

mpenda_huria
Chuda, hiyo inafaa kwa wewe mwenye intaneti ya kudumu. Kwa balbu nyingi za aina hiyo amri inatoka simuni, inavuka bahari hadi seva za kampuni, ndipo inarudi kwa balbu iliyo juu ya kichwa chako. Bando likikata saa mbili usiku, Bi Mkubwa anabaki na ukuta wake.

Mleta uzi, Home Assistant ni programu huria, Paulus Schoutsen aliianzisha mwaka 2013, na kazi yake inafanyika humo humo ndani ya nyumba, kwenye kompyuta yako mwenyewe, ndiyo tunayoiita seva. Bando likiisha, ruta bado inawaka, na simu yako ikiwa kwenye waifai ya nyumbani inaendelea kuzungumza na seva kama kawaida. Utakachokosa ni kuifikia ukiwa Dar. Na kodi kurasa tatu usiogope, siku hizi mambo mengi unabonyeza tu kwenye skrini.

Zigbee ni redio ya vifaa vidogo, ina mtandao wake na haihitaji waifai wala intaneti. Unachomeka kipokezi chake cha USB kwenye seva. Tumia waya wa USB wa kurefusha, usikichomeke moja kwa moja, maana tundu za USB 3.0 zinavuruga masafa ya 2.4 GHz ambayo Zigbee inatumia. Watu wanalaumu vifaa wakati kosa ni sentimita hamsini za waya.

Jua kuzama hakuhitaji sensa. Ukishaweka mahali nyumba ilipo, programu inapiga hesabu yenyewe kila siku. Uiambie iwashe dakika kumi kabla, barazani huwa giza linaingia mapema kwa sababu ya paa.

fundi_wa_ngamiani
Kabla hamjafika mbali na programu, nani amefungua hiyo swichi akaangalia ndani?

Nyumba nyingi za hapa mjini, ukitoa kava ya swichi unakuta waya mbili tu: moto unaoingia na moto unaokwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, hakuna, iko juu darini kwenye taa yenyewe. Swichi janja nyingi, zile za kuamriwa kwa simu, zinataka nyutro ili ziishi. Zipo zisizotaka, lakini hizo zinapitisha umeme kidogo kwenye taa muda wote, na balbu ya LED ya wati chache inaanza kumetameta usiku ikiwa imezimwa. Mama atadhani kuna kitu humo ndani.

Balbu janja nayo ina ugonjwa wake. Mgeni akiingia mkono wake wa kwanza ni ukutani, anazima. Hapo balbu imekufa, hata simu yako haiifikii mpaka mtu arudi kuwasha swichi.

Mimi ningepanda darini kwenye taa ya korido, niweke rilei ndogo ya Zigbee, yaani swichi inayowasha na kuzima kwa amri ya redio, hapo hapo penye nyutro. Swichi ya ukutani iendelee kutumika kama zamani, ila waya zake ziingie kwenye matundu ya swichi ya hiyo rilei. Mtu akibonyeza ukutani inawaka, Bi Mkubwa akibonyeza kitandani inawaka, na saa ikifika inawaka yenyewe. Taa ya barazani hivyo hivyo, ila rilei ikae ndani ya dari, si nje. Chumvi ya bahari huko Sahare inakula skrubu za shaba mpaka zinakuwa kijani.

bint_raskazone
Fundi hapo hapo, naomba kujiunga. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki nayo naweza kuiwekea hiyo rilei?

fundi_wa_ngamiani
Hapana dada. Mota ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa ubavuni, miguu ya rilei ndogo inaungana na pampu haizimiki tena. Rilei iamrishe kontakta, ile swichi kubwa ya mota, kontakta ndiyo ibebe pampu. Fungua uzi wako tutaongea.

mpenda_huria
Niongeze la TANESCO, hili watu hawaliulizi. Umeme ukirudi saa tisa usiku, balbu janja nyingi zinawaka zote kwa mpigo, maana ndivyo zilivyotoka kiwandani. Kwenye rilei pia tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, chagua kuzima au kubaki ilivyokuwa. Ukikosa mpangilio huo kwenye kifaa, usikinunue.

Na seva isiwe Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, ya kadi ya kumbukumbu kama huna UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi zinaharibika.

mwana_wa_sahare
Nimeelewa zaidi kuliko wiki nzima ya YouTube. Ninayo laptop ya zamani, skrini imepasuka, betri bado inashika kama saa moja. Inafaa?

mpenda_huria
Inafaa sana, hiyo betri ndiyo UPS yako. Hakikisha ni ya biti 64 na inawaka kwa UEFI, mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa. Ila ujue Home Assistant OS inafuta kila kilichomo kwenye diski, kwa hiyo hamisha picha za harusi kwanza. Iache mahali penye hewa, na betri ikianza kuvimba itoe mara moja. Washa nakala rudufu ya kila siku na uihifadhi nje ya hiyo laptop.

mzee_wa_rimoti
Hamjamjibu la AC. Unahitaji kisanduku cha infraredi, kwa mfano Broadlink RM4 mini, kinachojifunza alama za rimoti na kuzirusha. Kiwekwe kinapoona AC, TV na king'amuzi, miale hiyo haipiti ukuta wala kabati. Ukishakiunganisha na waifai, hakikisha ni ile ya 2.4 GHz, 5 hakiioni.

Jambo moja la AC. Rimoti ya TV inatuma "zima/washa" tu, lakini ya AC kila ukibonyeza inatuma hali nzima: joto, feni, aina ya hewa. Na AC haijibu. Kwa hiyo Bi Mkubwa akitumia rimoti yake ya mkononi, simu yako itaendelea kuonyesha 24 wakati chumbani ni 17. Dawa ni sensa ya joto ya Zigbee karibu na kitanda, uamini hiyo. Saa sita usiku, joto likishuka chini ya 22, kisanduku kitume "zima". Kutuma "zima" kwa AC iliyokwisha zimwa kwa kawaida hakuna madhara. Kwa TV usijaribu, utaiwasha.

Rimoti ikigoma, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Ukiona mwanga wa zambarau, rimoti ni nzima.

mwana_wa_sahare
Swali la mwisho. Kile kitufe cha kitandani, seva ikizimika kitafanya kazi?

mpenda_huria
Ukikifunga moja kwa moja na rilei, ndiyo. Vitufe vingi vya Zigbee vinaruhusu, vinaongea na taa bila kupita kwenye seva. Uliza muuzaji hilo kabla hujalipa. Anza na korido peke yake, barazani na AC vije mwezi ujao.

fundi_wa_ngamiani
Na kabla ya kununua chochote nitumie picha ya ndani ya swichi ya korido na ya kikombe cha taa darini. Zima meni swichi kwanza, halafu hakikisha kwa testa.