Tenkara na samaki mkubwa: fimbo ngumu, uzi mnene au mshipi mfupi?

Kijito_Nyeri
Wakuu, habari za siku. Nina fimbo ya tenkara, ule uvuvi wa Kijapani wa mshipi uliofungwa nchani mwa fimbo, ya mita 3.6, laini, navulia trauti kwenye mito ya Aberdare. Wadogo hawanisumbui. Shida ni Gura: trauti wa kahawia wanaopita sentimita 40, maji ya kasi, mawe kila mahali. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, haipo, kwa hiyo akikimbia sina mshipi wa kumwachia. Nalinganisha njia tatu: ninunue fimbo ngumu ya mita 4.5, zile wanazoziita za honryu. Nibaki na yangu ila nifunge uzi wa mwisho, ule unaoshika ndoana, uwe mnene. Au nibaki na yangu nifupishe mshipi. Ya kwanza ni ghali, nataka kujua kama inalipa kabla sijatoa pesa.

Kinyozi_Gifu
Niko Japani, na huku ndiko mchezo ulikotoka, kwa hiyo nianze na hilo. Tenkara ilikulia kwenye vijito vya milimani, kwa watu waliovua amago, yamame na iwana, samaki wa jamii ya trauti. Kwenye vijito hivyo, samaki akifika shaku moja, yaani sentimita 30.3, anapigwa picha. Fimbo yako imetengenezwa kwa ajili yake. Honryu ni uvuvi wa mto mkuu, kule wanakopanda satsukimasu, amago waliokwenda baharini wakarudi na miili. Ni fimbo nyingine, ndefu, na mkono unauma kufikia mchana.

Njia ya pili ifute kabisa. Uzi wa mwisho lazima uwe ndio dhaifu kuliko vyote. Wengi huku hufunga namba 0.8 au 1, unene wa milimita 0.15 mpaka 0.165 hivi. Ukifunga wa milimita 0.25, samaki akivuta sawasawa hautakatika uzi. Itakatika fimbo, na mara nyingi ni vipande vya juu, vile vyembamba kama kijiti cha kuchokolea meno.

Upondo_Mwanza
Nyie watu wa milimani mnahangaika 😂 Sisi ziwani mwanzi mmoja, mshipi umefungwa nchani, sato akishika ananyanyuliwa. Uzi mnene na maisha yanaendelea. Rili ya nini?

Kinyozi_Gifu
@Upondo_Mwanza mwanzi wako ni kipande kimoja, na ukivunjika unakata mwingine. Hii ni mirija ya kaboni inayoingiana. Halafu sato wako yuko kwenye maji yaliyotulia, hana mkondo wa kumsaidia.

DadaWaColorado
Shikamooni wakubwa. Huku Marekani tenkara ilishika tangu 2009, Daniel Galhardo alipoanza kuuza fimbo zake, na mito yetu ina trauti wakubwa kuliko hao wa vijito vya Japani, kwa hiyo swali hili linajadiliwa mpaka watu wanachoka.

Mimi nachagua njia ya tatu, na sababu yake ni hesabu tu. Fimbo mita 3.6, mshipi mita 3.6, uzi wa mwisho mita 1: jumla ya kamba 4.6. Ukiisimamisha fimbo, ncha iko karibu mita 4.8 juu ya maji, kwa hiyo samaki anafika miguuni pako. Sasa weka mshipi wa mita 5.4. Kamba yote inakuwa 6.4, na samaki anabaki kama mita 4 mbele yako hata fimbo ikiwa wima. Itabidi uukamate mshipi kwa mkono umvute, na samaki wengi wanapotea hapo, maana fimbo haifanyi kazi tena, hakuna kinachopinda kumeza ule mshtuko wa mwisho. Na fimbo iliyopinda inashusha ncha, kwa hiyo kwa kweli atakuwa mbali zaidi ya hapo.

Ukilazimika kukamata mshipi, usiuzungushe kidoleni. Uache upite kati ya vidole, akikurupuka umwachie.

Mzee_wa_Thiba
Binti amesema vizuri, ila mshipi mfupi una gharama: unamsogelea samaki, naye anakuona. Piga magoti, jifiche nyuma ya jiwe.

Kijana, mimi naona swali lako limeanzia katikati. Kabla hujatupa, angalia chini ya bwawa. Akiteremka utamfuata? Kama kuna maporomoko na hakuna njia ya miguu, huyo mwache, hata uwe na fimbo ya mita 6. Kama unaweza kupita, simama chini yake, umvute kwa ubavu, fimbo ikiwa imelala karibu na maji. Hapo anapigana na wewe pamoja na mkondo. Ukisimama juu yake, mkondo unakuwa upande wake.

Na fimbo isinyooke kumwelekea. Ikinyooka haipindi, uzi unakatika palepale.

Upondo_Mwanza
Nimesikia wengine wanaitupa fimbo majini wamwache aburute mpaka achoke. Kweli?

DadaWaColorado
Wapo. Mimi sikubali. Fimbo ikinasa kwenye gogo, umemwacha samaki amefungwa kwenye takataka zako.

Kinyozi_Gifu
Naunga mkono. Elekeza fimbo kwake ukakate uzi kwa makusudi, ndoana moja si hasara. Tena ndoana ziwe zisizo na kishikio, kile kijino cha nyuma ya ncha, atajitoa mwenyewe.

Kijito_Nyeri
Asanteni sana. Nafupisha mshipi, pesa naziacha mfukoni. Mzee, lile bwawa ninalolifikiria lina maporomoko chini yake, basi nitahamia la juu. Wavu je? Nilionao una kipenyo cha sentimita 25.

Mzee_wa_Thiba
Mdogo huo. Tafuta wa 30 au zaidi, wenye kina. Uzamishe mapema, usimkimbize nao. Mlete yeye juu yake, kichwa kitangulie. Mkia ukitangulia ataruka nje.

Kinyozi_Gifu
Na mkono wa fimbo uende nyuma na juu ya bega wakati huo, lakini usipitilize wima kuelekea mgongoni. Vile vipande vya juu vinavunjikia hapo.